Nilifika Maskati nisimuamkie mama mdogo, sasa mama hapokei simu zangu

Shkamoo Shangazi,

Mimi ni mtoto wa Wete, Pemba, nina miaka 31, kazi yangu uuguzi. Niko Omani, mji wa Sur, kwenye kliniki ya binafsi. Kutoka hapa mpaka Maskati ni kama kilomita 200 kwa barabara ya pwani, saa mbili na kitu. Sijaolewa. Kazi hii niliipata kwa mkono wa mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja, ambaye yuko Maskati tangu mimi sijazaliwa. Ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege, akanilaza kwake, akanileta Sur yeye na mumewe, na siku ile akaniachia mchele, chupa ya chai na shuka mbili. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma.

Hapa Sur nakaa nyumba moja na rafiki yangu, mtoto wa Unguja, anafanya kazi saluni ya wanawake. Ni mtu mwema, mcheshi, nikiumwa ananipikia uji. Siku moja akanambia, "Shoga, utakufa na hizo zamu zako. Twende Maskati Ijumaa na Jumamosi tukapumue." Na kweli nilikuwa nimechoka. Nilifika mahali navaa viatu mlangoni halafu sikumbuki kama natoka au ndio nimerudi. Tukakubaliana kila mtu atoe riali 40: nauli, fleti ya kupanga kwa siku mbili Al Khuwair, chakula na matembezi.

Shangazi, mama mdogo sikumwambia. Sikusahau, nilinyamaza kwa makusudi. Nampenda, lakini nikienda kwake sipumziki. Nikivua buibui tu naingia jikoni. Mumewe ana sukari, nimpime. Jirani naye analetwa nimpime presha, na jirani ana dada yake. Usiku tukikaa linaanza la ndoa: kuna mwanamme wa Seeb kafiwa na mkewe, ana nyumba yake, watoto wameshakua. Mara moja tu nilitaka kuwa mahali ambapo hakuna wa kumhudumia.

Siku zenyewe zilikuwa nzuri mno. Ijumaa nililala mpaka saa nne bila mtu kuniita "sista". Jioni tukenda Matrah, tukatembea ufukweni, tukaingia sokoni kwenye harufu ya udi na ubani, tukala mishkaki. Rafiki yangu akapiga picha nyingi, moja mbele ya lile jengo lenye umbo la chetezo pale Riyam. Usiku huohuo akazirusha kwenye stetasi yake, na mimi nimo, nacheka.

Binti wa mama mdogo anasuka nywele kwa rafiki yake rafiki yangu, namba wanazo. Jumamosi tuko njiani kurudi, ukaja ujumbe: "Kumbe uko mjini?" Sikujua nijibu nini, sikujibu. Usiku mama akapiga kutoka Wete. Alisema maneno machache: "Umepita mlango wa mdogo wangu kama humjui. Mtoto wa kike, unalala mahoteli, bila maharimu, na nyumba ipo." Akakata. Tangu siku hiyo hapokei simu yangu. Salamu zinapitia kwa kaka.

Na kaka naye ana lake. Kila mwezi natuma nyumbani riali 120. Tunaezeka nyumba ya mama upya, bati za upande wa nyuma bado. Akanitumia sauti ndefu, kwamba mama anatega ndoo chumbani mvua ikinyesha na mie nanunua udi Matrah.

Juu ya hayo, rafiki yangu alisahau kadi yake ya benki nyumbani, kwa hivyo sehemu kubwa nililipa mimi. Ananidai kicheko, mimi namdai riali 26. Deni hilo halitaji. Sasa anapanga safari nyengine, anataka twende Dubai mwisho wa mwezi ujao, anasema huko hatuna jamaa wa kutuona.

Naomba unambie, je, nilikosea kwenda? Nimfanyeje mama? Na huyu rafiki, niende naye tena au nikae nyumbani nimalize bati?

Mtoto wa Wete, Sur


JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu, na pole kwa uchovu.

Kwenda hukukosea. Ulikwenda kwa pesa yako, siku zako, na mwanamke mwenzio unayekaa naye nyumba moja. Sheria ya kazi ya Omani ya 2023 yenyewe inampa mfanyakazi wa sekta binafsi siku mbili za mapumziko mfululizo kila wiki, na aliyeiandika hakuandika kwamba siku hizo uzimalizie jikoni kwa jamaa. Muuguzi asiyelala ni hatari kwa mgonjwa wake. Wanaokuona kwenye picha ukicheka Riyam hawakuoni saa tisa ya usiku unatafuta mshipa kwenye mkono wa mtoto anayelia. Basi hilo la kwenda lifunge, na atakayekufungulia usimjibu kwa kujitetea.

Lililokuharibia ni kujificha. Ungekwenda kwa uwazi, picha ile ingepita kama picha nyingine yoyote. Kwa kuwa ulificha, picha ikawa ushahidi.

Nianze na mama mdogo, kwa sababu yeye akishakaa sawa, nusu ya hayo mengine yatajipanga yenyewe.

Huenda unadhani amekasirika kwa kuwa hukulala kwake. Kitanda hakina shida, nina hakika hata yeye angekwambia vitanda vimejaa wajukuu. Kinachomuuma ni kwamba ulikuwa mjini kwake na yeye hana habari. Chukulia, Mungu apishe mbali, kwamba ile teksi imepinduka usiku kabla ya Quriyat. Polisi wanachukua bataka yako, kile kitambulisho cha ukaazi, wanatafuta nani wa kumpigia, na namba inayotokea ni ya mama mdogo. Anaambiwa mtoto wako yuko hospitali Maskati, naye anajua uko Sur umelala. Halafu ni yeye wa kuinua simu ampigie dada yake Wete. Atamwambia nini? Mama yako alikukabidhi mkononi mwake. Wewe ni amana kwake mpaka siku utakapoolewa au utakaporudi nyumbani, hata ukiwa na miaka 31 na cheti cha uuguzi ukutani.

Na kuna jambo la zamani zaidi, ambalo vijana wa siku hizi hawalioni kwa kuwa wamelikuta limekwisha. Baada ya Mapinduzi ya 1964, na hasa Sultani Qaboos aliposhika nchi 1970, familia nyingi zenye asili ya huko ziliondoka Unguja na Pemba kwenda Omani. Watu walifika na sanduku. Waliotangulia waliwafungulia mlango waliofuata, godoro likatandikwa ukumbini, kazi ikatafutwa kwa kuulizana baada ya sala. Hao ndio waliokifanya Kiswahili kisikike mpaka leo kwenye maduka na ofisi za Maskati. Hata hiyo Sur unayokaa, majahazi yake yalikuwa yakija kwetu na kaskazi na kurudi na kusi, na nahodha akifika Unguja alijua aende kwa nani. Watu wa namna ya mama mdogo wako wamelelewa na desturi hiyo. Ukimpita bila salamu, anaona umemwambia mlango wake hauhesabiki.

Kwa hivyo utakwenda kumuomba radhi, na utakwenda kwa miguu yako. Simu haitoshi, na ujumbe wa maandishi ndio kabisa. Nenda peke yako, bila rafiki yako. Usiende Ijumaa mchana, maana baada ya sala nyumba hujaa wakwe na watoto, na mama mtu mzima hawezi kukusikiliza huku anapakua pilau. Nenda Jumamosi asubuhi, saa nne hivi, wakati chai imeshatolewa na watu wametawanyika. Usimchukulie manukato, Maskati yamejaa. Mchukulie samaki wa Sur, nguru au changu wa asubuhi, kwenye boksi la barafu. Mwanamke wa Kipemba akifunuliwa samaki aliyevuliwa leo, uso wake hubadilika kabla hajataka ubadilike.

Ukishakaa, sema hivi tu: "Mama mdogo, nilikuja mjini nikaondoka bila kukuamkia. Nimekukosea, naomba radhi." Unyamaze hapo. Usiongeze kwamba ulikuwa na haraka, kwa sababu ameona kwenye picha kwamba hukuwa na haraka. Usimtie rafiki yako. Atasema, na atasema mengi, pengine ataanzia siku aliyokupokea uwanja wa ndege na zile shuka mbili. Msikilize mpaka mwisho. Kila atakalolitaja alikufanyia kweli.

Akishamaliza, na chai imemiminwa, hapo ndipo uzungumze la pili, na hili nakusihi usiliache. Mwambie kwamba unachoka. Mama mdogo hajui kwamba kumpima jirani presha siku yako ya mapumziko ni kazi. Kwake ni fahari, anataka mtaa mzima umuone mtoto wa dada yake aliyesoma. Mwambie kwa upole: baba nitampima kila nikija, hilo ni haki yake, majirani naomba uwaambie nimekuja kupumzika. Na la ndoa mwambie: "Siku nikiwa tayari, wewe utajua kabla ya mtu mwengine yeyote." Maneno hayo yanampa cheo na yanakupa nafasi. Huyo mwanamme wa Seeb atasubiri au atampata mwengine.

Kabla hujaondoka, mwombe jambo moja: "Nipatanishe na mama." Usiliruke hili. Mama yako hapokei simu kwa sababu amefedheheka mbele ya mdogo wake. Kwa miaka yote amekuwa akisema mwanangu nimemuachia wewe, na mdogo mtu akaja kumweleza kwamba mwanao kapita hapa kama mgeni. Radhi yako kwa mama haiwezi kupita kabla ya ile ya mama mdogo, na ikipita kwa mkono wa mama mdogo itapokewa. Mwache apige yeye kutoka sebuleni kwake, wewe ukiwa umekaa pembeni. Akipewa kazi ya kusuluhisha, tayari ameshasamehe. Acha kupitisha salamu kwa kaka. Kaka ana kesi yake mwenyewe, hawezi kuwa mjumbe.

Mama amegusia maharimu, yaani jamaa wa kiume asiyeweza kukuoa, na sitaki nilipite juujuu kwa kuwa ni neno la dini na yeye amelisema kwa imani. Zungumza naye mkishapatana, si kabla. Mwambie kwa adabu kwamba ulipanda ndege kutoka nyumbani mpaka Omani peke yako kwa baraka zake, unaishi Sur bila baba wala kaka, na anajua unavyojitunza. Muulize ni mwenendo gani utakaomtuliza moyo: kusafiri mchana, kutolala barabarani, kujulisha ukifika na ukiondoka, kukaa na wanawake watupu. Mkubaliane. Kama ana msimamo mkali zaidi ya hapo, msikilize sababu zake na utazame wewe na dhamiri yako. Lakini ninavyoyasoma maneno yake, uzito uko mwishoni: "na nyumba ipo." Nyumba ipo na hukuitaja. Ndicho kilio chake.

Sasa kaka. Riali moja ni zaidi ya dola mbili na nusu. Unatuma riali 120 kila mwezi bila kukosa, na hilo hakulitaja kwenye sauti yake ndefu. Pesa unayotuma ni wajibu uliouchukua mwenyewe, na unautimiza. Inayobaki ni yako, ya kula, kodi, akiba, na ndiyo, ya udi wa Matrah. Usimpelekee hesabu ya safari. Ukianza kumwandikia fleti ilikuwa kiasi gani na mishkaki kiasi gani, umemfanya mkaguzi wako, na hutoweza kumvua kazi hiyo tena.

Hata hivyo ndoo ya chumbani kwa mama ni kweli, na hiyo isingoje ugomvi uishe. Masika yanaanza Machi. Mtu akizungumzia bati kila siku na bati hazipandi, aghlabu pesa ya bati imechanganyika na pesa ya unga. Zitenge. Mwambie fundi apime upande wa nyuma, akutajie idadi ya bati, mbao na misumari. Kisha ulipe dukani moja kwa moja, Wete au Chake, dukani kwa mtu anayejua familia yenu, na risiti upigiwe picha. Kaka asimamie kazi, na umpe heshima ya kusimamia, asibebeshwe pesa. Na msifanye msimu wa karafuu umepamba moto, maana fundi mtamkosa, kila mwenye nguvu yuko mkarafuuni. Ukitenga riali 20 juu ya zile za kila mwezi kwa ajili ya bati peke yake, mama atajua na kaka atajua, na hapatokuwa na haja ya mtu kukutajia udi.

Rafiki yako.

Nimemsoma kwa makini, nami simuoni mtu mbaya. Anayekupikia uji ukiwa kitandani nchi ya watu ni wa kushikwa kwa mikono miwili. Kasoro zake ni mbili, na zote zinatibika kama utafungua mdomo. Umesema hataji deni. Na wewe, umelitaja? Katika barua yako nzima sijaona mahali ulipomwambia. Mnakaa nyumba moja, kila asubuhi mnapishana mlango wa choo, na riali 26 zimekaa katikati yenu kimya. Mwambie leo, kabla hujaifunga simu uliyosomea jibu hili: "Tulitumia kadhaa, sehemu yako niliyolipa mimi ni 26, utanipa lini?" Taja idadi. Ukisema "ile pesa" atajibu "usijali", na mtarudi palepale. Akishindwa yote kwa mara moja, ailipe mara mbili mshahara ukitoka. Akicheka, wewe usicheke, ngoja jibu.

Kasoro ya pili ni picha. Hakukuuliza, kwa kuwa kwake picha ni furaha. Hakujua kwamba unamkimbia mtu mjini humo, au kama alijua, hakuwaza kwamba namba zinajuana. Wazanzibari Maskati ni kama nyumba moja yenye vyumba vingi, anayekohoa jikoni husikika ukumbini. Muwekeane sharti: picha aliye na mwenzie haitoki mpaka mwenzie aseme itoke, na picha za safari hutoka mkisharudi. Hata kwa usalama wenu ni bora hivyo, kwamba wasichana wawili hawatangazi usiku fleti gani wamelala.

Safari nyengine muifanye, lakini kwa utaratibu huu. Kabla hamjatoka mlangoni, kila mmoja atie pesa sawa kwenye bahasha moja, taslimu. Wewe ushike au yeye ashike, lakini kila kitu cha pamoja kitoke humo, teksi, chumba, chakula, na kikimalizika ndiyo mwisho wa matumizi ya pamoja. Atakayetaka manukato atatoa mfukoni kwake. Kadi ikisahaulika, safari inaahirishwa, hata kama mabegi yako mlangoni.

Na ukienda Maskati tena, ujumbe huu utangulie siku moja kabla: "Mama mdogo, kesho nakuja mjini na mwenzangu, tumepanga Al Khuwair. Baada ya Magharibi nitakuja kukuamkia, nitakula kwako, saa nne nitawahi kurudi." Umempa salamu, umempa mlo mmoja, umemwambia unalala wapi na unaondoka saa ngapi. Atalalamika kidogo kwamba kwa nini mpange na vyumba vipo. Mwambie mwenzangu anaona haya. Naamini utakula vizuri, na saa nne atakufungia chakula cha kesho.

Siku nzima iliyobaki ni yenu, na Maskati haihitaji riali nyingi kwa anayejua. Ijumaa asubuhi lala, hukosi kitu, maduka mengi na soko la Matrah hufunguka jioni. Adhuhuri mnaweza kwenda kuswali Msikiti Mkuu wa Sultani Qaboos, uliofunguliwa 2001, una ukumbi wake wa wanawake, na kukaa pale baada ya sala kwenye utulivu ule ni pumziko ambalo fleti haikupi. Ufukwe wa Qurum jioni ni bure. Sokoni shusheni bei bila kuona haya, muuzaji anaitegemea, na mkizungumza Kiswahili baina yenu mjue anaweza kuwa anakisikia. Chagueni miezi ya baridi, Oktoba kwenda Machi. Kutembea Matrah mwezi wa Juni mchana ni kujitafutia maradhi, wewe muuguzi unalijua hilo kuliko mie.

Dubai ni jambo jengine. Bataka ya Omani haikupi ruhusa ya kuingia Imarati. Kila mmoja wenu anahitaji viza yake ya mtandaoni, iwe mkononi kabla ya kufika mpakani au uwanja wa ndege, na kabla ya kulipa chochote. Isomeni vizuri masharti yake, kwa sababu kazi iliyoandikwa kwenye ukaazi nayo hutazamwa, na ya saluni na ya uuguzi zinaweza zisipewe jibu moja. Ruhusa zenu zikitoka zote mbili mtazungumza bei. Ila ile sababu aliyoitaja, kwamba huko hamna jamaa wa kuwaona, iondoeni kabisa. Ukienda Dubai, mama mdogo ajue na mama ajue, tarehe ya kwenda na ya kurudi.

Kama mwezi ujao mnataka tu kubadilisha hewa, nendeni Nizwa. Fikeni Alhamisi mchana, mlale, Ijumaa asubuhi mapema muende kwenye mnada wa mbuzi na ng'ombe chini ya ngome, watu wanawazungusha wanyama duara na bei zinapigwa kelele. Mtoto wa Wete ataukumbuka mnada wa kwao. Hakuna viza, hakuna mpaka, na kwa riali 26 atakazokurudishia mwenzio, sehemu yako ya bahasha imeshapatikana.